Waya wa Athi Chumbani kwa Mama Mkwe

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Kituo: Polisi, Wilaya ya Kyerwa
Shauri: Kujaribu kuua. Mhanga ni Celestina Kokubanza, mjane, mkazi wa Kaisho. Mtuhumiwa ni Xaveri, mwanawe wa kumzaa, yuko mahabusu.
Jina la shahidi: Yustasi Arinaitwe
Umri: Miaka 39
Kabila: Mnyambo
Dini: Mkristo, Mlutheri
Kazi: Fundi umeme
Makazi: Chonyonyo, Wilaya ya Karagwe
Uhusiano na mhanga: Mkwe. Ameoa binti yake, Noela.
Tarehe: 18 Juni 2024, asubuhi
Mwandishi: WP Koplo Jenifa, mpelelezi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Nimeelezwa kwamba nikisema uongo huku najua ni uongo naweza kushtakiwa, na nimeelewa. Maelezo niliyoyatoa tarehe 15 Juni 2024 hayakuwa ya kweli yote, ndiyo maana nimerudi. Afande ameniambia nianze mwanzo na nisirukeruke.

Mama mkwe wangu anapika rubisi. Ndiyo kazi iliyomsomeshea watoto tangu mumewe afariki. Ndizi anaivisha kwenye shimo, vijana wanazikanyaga kwenye mtumbwi wa mti pamoja na nyasi, maji yake anayachuja, anatia unga wa mtama uliokaangwa, na baada ya siku pombe iko tayari. Tatizo la rubisi ni kwamba haikai. Leo tamu, kesho kali, keshokutwa haifai. Yeye akataka kuitia kwenye chupa ili ifike mpaka Kayanga na Bukoba. Ili isiendelee kuchacha ndani ya chupa lazima uipashe moto wa kadiri na uushikilie hapo hapo. Alijaribu kwa kuni, chupa zikawa zinapasuka kabatini. Ndipo akamwambia mke wangu aniulize kama umeme unaweza kufanya kazi hiyo.

Nilisema unaweza. Nilisema kwa haraka, kwa sababu nilikuwa nimeitamani kazi ya namna ile muda mrefu. Afande, kwetu fundi umeme anaitwa kufunga balbu na soketi, na kutafuta panya alikokata waya darini. Paneli ya kuendesha mitambo hakuna anayekuomba. Niliijenga mwenyewe kwenye karakana yangu pale Chonyonyo, mwezi Februari na Machi mwaka huu. Ni sanduku la chuma lenye mlango na ufunguo. Ndani kuna breka, kontakta mbili, yaani swichi kubwa za kuwasha hita za matanki ya kupikia, na kidhibiti joto kinachosoma moto wa tanki na kuikata hita ukifika pale ulipouweka. Mlangoni kuna taa za kijani na nyekundu na kibonye kikubwa chekundu cha kuzima vyote kwa mpigo. Kila swichi niliiandikia kwa rangi: tanki la maji, tanki la rubisi, pampu. Chini nikaandika jina langu na namba ya simu. Watu walikuwa wanapita karakana kuitazama, na mimi naijaribu kwa ndoo ya maji waone taa zinavyopokezana. Nilijisikia vizuri sana. Sasa hivi nikikumbuka ile raha naona haya.

Jambo moja sikulifanya. Sikuwahi kuuona ukuta ambao paneli ile ingefungwa. Chumba anachopikia kilikuwa stoo ya marehemu baba mkwe, na mlango wake ni mmoja tu, unapitia chumba cha kulala cha mama mkwe. Kwetu mkwe haingii chumba cha mama mkwe wake. Kitanda chake hukioni, mkono humpi, na hata maneno yenu yanapitia kwa mtu wa tatu. Nimemuoa Noela mwaka wa kumi na mbili huu na mama yake hatujawahi kuzungumza ana kwa ana zaidi ya salamu ya mbali. Akitaka kunituma kitu anamwambia Noela huku nasikia, nami namjibu Noela huku anasikia.

Afande ameniuliza kama watu bado wanafuata hayo. Wengine wameacha. Rafiki zangu wanakula meza moja na mama wakwe zao na hakuna aliyekufa. Mimi sikuacha, na niseme ukweli, sikuacha kwa sababu nilikuwa nasifiwa. Mama mkwe alikuwa akisema mbele za watu kwamba wakwe wa siku hizi hawana adabu isipokuwa wa Noela. Sifa hiyo niliipenda.

Nilimwambia Noela amuulize mama yake kama tunaweza kutoboa mlango wa nje ili niingie kwenye kile chumba bila kupita kwake. Jibu lilikuja kwamba mlango wa nje ni wa wezi. Ningeweza kumwomba fundi mwenzangu wa Isingiro, Mugisha, akafunge. Ni fundi mzuri. Sikumwomba. Sikutaka mkono wa mtu mwingine uguse paneli yangu, halafu kesho aseme ameifunga yeye.

Mnamo tarehe 20 Aprili 2024, siku ya Jumamosi, mimi na Noela tulikwenda Kaisho na paneli. Aliyeifunga ukutani ni Noela. Mke wangu ni fundi cherehani, umeme hajasomea, ila ana mikono mizuri na akili tulivu. Yeye na mama yake walikuwa ndani, mimi nilikuwa nje chini ya kidirisha cha stoo, ambacho kiko juu na kina wavu, nikawa namwelekeza kwa sauti. Nasema, "Noela, waya wa kahawia, tundu la kwanza kushoto, kaza." Anasema, "Nimekaza." Mama mkwe yuko hapo hapo amemulika tochi, anasema, "Noela, muulize mumeo kama huu mweusi ndio wa pampu." Na mimi nimesikia kila neno, lakini nasubiri Noela aniulize ndipo nijibu. Majirani waliokuja kutazama walikuwa wanacheka, na sisi tulicheka. Ilikuwa siku nzuri.

Nondo ya athi niliipigilia mwenyewe nje, chini ya upenu, kwa nyundo, ikazama yote. Waya wake wa kijani na njano niliupitisha kwenye tundu la ukuta. Afande ameniomba nieleze athi ni nini kwa maneno ya kawaida. Ni njia ya umeme kukimbilia ardhini ukipotea njia yake. Hita ikioza au maji yakiingia, umeme unahamia kwenye bati la tanki. Athi ikiwepo unashuka ardhini. Isipokuwepo unabaki kwenye tanki unamsubiri mtu aliguse. Kuna breka nyingine inayohisi umeme unaovuja na kujikata yenyewe. Sikuiweka. Nilisema athi itatosha.

Noela alipofika kwenye waya ule alisema, "Huu haufiki." Nilikuwa nimeukata kwenye meza yangu Chonyonyo kwa kukisia, nikidhani paneli itakaa upande wa dirisha. Mama mkwe alitaka ikae upande wa mlango ili asiwe anauruka mtumbwi kila akitaka kuwasha. Alikuwa na haki, ni chumba chake. Waya ukabaki mfupi kama shibiri. Waya mwingine wa aina ile sikuwa nao, na mawingu yalikuwa yamefunga upande wa Rwanda. Nikamwambia Noela, "Uache hapo, uning'inie, nitakuja kuumalizia." Akauacha.

Tulipotoka mbele ya nyumba watu walikuwa wamekaa wanasubiri. Mama mkwe akiwa mlangoni alimwambia Noela, "Muulize mkwe kama amemaliza." Nilimwambia Noela, "Mwambie nimemaliza." Noela alinitazama. Akageuka akamwambia mama yake, "Amemaliza." Wakawasha, taa ya kijani ikaonekana kupitia pazia, watu wakapiga makofi. Nilipewa rubisi ya kwanza kwenye kibuyu, nikainywa nimesimama.

Baada ya hapo nilifika Kaisho mara tatu au nne. Waya nilishanunua, ulikuwa kwenye mkoba wangu wa kazi. Kila mara nilikuta watu, na kila mara ningelazimika kusema kwamba ile siku ya makofi nilidanganya. Ningeweza kumpa Noela aende nao ndani mara moja, kazi ya dakika chache. Lakini mama yake angeuliza ni waya wa nini. Nikawa narudi nao Chonyonyo.

Mwezi Mei Noela aliniuliza, akiniita kwa jina la mtoto wetu kama kawaida yake, "Baba Ainomugisha, ule waya wa kijani vipi?" Nilimwambia Mugisha wa Isingiro alipita akaumalizia. Huo ni uongo wangu mwingine. Mugisha hajawahi kuikanyaga nyumba ile, msimsumbue.

Mwishoni mwa mwezi huo huo Noela alirudi kutoka kwao akasema mama yake analalamika kwamba tanki linamchomachoma vidole akilishika akiwa na mikono yenye maji. Hapo, afande, kila fundi anajua maana yake. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Nilijua umeme umeshafika kwenye bati. Nilimwambia Noela, "Mwambie avae kandambili." Naomba hilo liandikwe kama nilivyolisema. Nilisema avae kandambili.

Huyu Xaveri mliye naye ndani ni mdogo wake Noela, anaishi na mama yake kwenye kibanja chao, yaani shamba la migomba lenye nyumba. Ni kweli walikuwa wanagombana. Yeye anataka ndizi za pombe zipungue, ipandwe kahawa, na mama yake hataki kusikia. Ni kweli pia kwamba alisema mbele ya majirani, "Hicho kisanduku ipo siku kitakutoa roho." Jirani yao Edith amewaambia hivyo na hakukosea. Lakini alikuwa amenifuata mimi kwanza. Alinikuta kibarazani akaniuliza, "Shemeji, ile paneli umeiona kwa macho yako ikiwa ukutani?" Nilimjibu kwamba mimi sifundishwi kazi yangu na mtu wa mibuni. Ndipo akaenda kumwambia mama yake yale maneno. Yule kijana alikuwa anamhofia mama yake, na mimi nikayafanya maneno yake yaonekane ya muuaji.

Mnamo tarehe 14 Juni 2024, siku ya Ijumaa, mimi na Noela tulikuwa Kaisho. Kulikuwa na oda ya harusi, chupa nyingi, na mama mkwe alikuwa anapika tangu asubuhi. Majira ya saa kumi jioni Noela alikwenda na Edith ndani ya kibanja kukata majani ya migomba. Xaveri alikuwa amepeleka kreti za chupa dukani kwa baiskeli. Mimi nilikuwa uani nafungua pampu iliyoziba. Nyumbani tulibaki watu wawili, mimi nje na mama mkwe ndani.

Nilisikia sauti kupitia kidirisha. Haikuwa yowe. Ilikuwa sauti ya mtu anayeanza kusema kitu halafu kinakwama. Kisha nikasikia chombo cha bati kinagongagonga tanki mfululizo. Nilijua wakati ule ule. Niliita, "Mama?" Hakujibu, na lile bati likaendelea kugonga.

Nilikimbia ndani ya nyumba mpaka kwenye pazia la chumba chake. Nikasimama.

Afande ameniuliza kwa nini sikuzima umeme mahali pengine. Mahali pengine hapakuwepo. Mita iko nje lakini haina swichi ya kushika. Meni swichi ya nyumba imefungwa chumbani kwake, ukutani juu ya kitanda, na waliovuta umeme kabla mimi sijaoa. Paneli yenyewe na kile kibonye chekundu viko ndani zaidi, kwenye ile stoo. Ningevuta pazia, ningepanda goti kwenye kitanda chake, ningeshusha swichi, basi. Ni hatua ambazo mtoto anazimaliza. Mkono wangu ulikuwa umeshika pazia. Nikajua pia kwamba kule ndani kuna mvuke na joto, na kwamba huwa anapika akiwa na kanga moja. Nikajiambia Noela hayuko mbali.

Niligeuka nikatoka nje mbio nikimwita Noela. Nilikimbia mpaka mwanzo wa migomba, nikaita, nikasikia anaitika kwa mbali, nikarudi mbio, nikasimama tena pale pale kwenye pazia. Bati lilikuwa limeacha kugonga.

Sijui ni muda gani ulipita. Edith amesema kutoka walipokuwa mpaka nyumbani si karibu, na kwamba walikuja wanakimbia na bado waliona njia ndefu. Muda huo wote mimi nilikuwa mlangoni. Noela aliponipita nilimpigia kelele, "Meni swichi, juu ya kitanda, ishushe!" Aliishusha. Halafu nikamsikia anamwita mama yake kwa Kinyambo, kisha akaniita, "Njoo unisaidie kumbeba, ni mzito." Sikuingia. Akaniita kwa jina langu, kitu ambacho hajawahi kufanya tangu tuzae. Akasema, "Yustasi, mama yangu anakufa na wewe unashikilia pazia."

Aliyeingia ni Xaveri. Alifika na baiskeli, akaitupa, akanisukuma kwa bega, akapita. Alimbeba mama yake mikononi kama anavyobebwa mtoto, akamtoa mpaka kibarazani. Mkono wa kulia ulikuwa umeungua, vidole vimejikunja na havifunguki, na upawa wa bati ulikuwa bado umenata kwenye kiganja. Kanga ilikuwa imeshuka. Mimi niligeuza uso nikatazama ukuta. Xaveri alivua shati lake akamfunika nalo, akamkandamiza kifua mpaka akashusha pumzi. Akatafuta gari la jirani, akapanda nyuma amempakata. Mimi nilibaki nyumbani, sikumgusa mama mkwe hata kwa kidole.

Tarehe 15 Juni, Jumamosi, askari wawili walikuja Kaisho kuangalia. Wao waliingia chumbani, mimi nikajibu kutoka nje. Mmoja wao alitoka akasema kuna waya wa kijani na njano unaning'inia, kichwa chake kimekatwa kwa plaizi. Akaniuliza, "Huu uliuacha hivi?" Watu walikuwa wengi uani, wale wale wa makofi. Nilisema, "Mimi nilifunga kila kitu. Kama umekatwa, kuna mtu ameukata." Alama za plaizi alizoziona ni za plaizi yangu, nilipoukata juu ya meza yangu. Akauliza nani mwingine anaingia chumba kile. Watu wakataja jina la Xaveri, na mmoja akakumbusha yale maneno ya kisanduku kutoa roho. Xaveri alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka hospitali kuchukua nguo za mama yake. Walimfunga pingu akiwa na fuko la nguo mkononi. Alinitazama akasema, "Shemeji, sema." Nilitazama chini.

Jumapili tarehe 16 nilikwenda hospitali. Nilisimama koridoni nje ya wodi, Noela akaingia. Mlango ulikuwa wazi na kitanda cha mama mkwe kiko karibu, nilimsikia vizuri. Daktari alikuwa amewaambia kwamba vidole viwili pengine vitakatwa. Noela alimwambia, "Mkwe wako yuko hapo nje." Mama mkwe akasema hivi, nayakumbuka yote: "Mwambie ahsante. Wameniambia alisimama kwenye pazia hakuingia. Angekuwa mwingine angenikuta vile nilivyokuwa. Mwambie amenitunzia heshima yangu."

Noela hakutoka kuniletea ujumbe huo. Alijua nimesikia.

Kisha mama mkwe akaanza kulia. Alikuwa akimuuliza Noela amemkosea nini Xaveri. Alisema, "Kahawa tu? Kwa ajili ya mibuni tu mtoto wangu anikatie waya nife?" Akasema akitoka pale hataki kumwona nyumbani, na kwamba kibanja hatamwachia hata mgomba mmoja. Akasema pia kwamba hajui atapikaje uji wa mwanawe huko mahabusu na mkono ule, maana Xaveri tumbo lake halikubali chakula cha kila mahali. Alikuwa anayasema yote mawili kwa pamoja.

Afande, nilikuwa nimeegemea ukuta nikisikiliza. Mtu niliyemuumiza ananishukuru, na mtu aliyemuokoa ndiye anayelaaniwa naye. Ni mimi niliyewapanga hivyo. Naona aibu. Si aibu ile ya kuwaogopa watu, hiyo nimeizoea. Naona aibu kwa sababu mama huyu aliniamini kuliko alivyomwamini mtoto aliyemzaa.

Jana Jumatatu nilifika mpaka hapa ng'ambo ya barabara. Nilinunua soda, nikaketi nikitazama mlango wa kituo mpaka soda ikaisha, nikapanda pikipiki nikarudi Chonyonyo. Usiku nilimwambia Noela ukweli. Hakunipigia kelele. Aliuliza, "Na kandambili?" Nikasema, "Nilijua." Akabeba kitanda cha mtoto akakihamishia chumba kingine, akafunga mlango.

Afande ameniuliza swali la mwisho, kama kilichonizuia pale kwenye pazia ni mila au ni woga. Nimelifikiria. Mila haikunikataza kumwokoa mtu. Wazee wetu wenyewe wangenipiga bakora kwa kusimama pale. Nilichoogopa ni kwamba nikiingia nitauona ule waya unaning'inia, na yeye akipona atajua nimeuona. Nilipokuwa nje ya pazia niliweza bado kujifanya kwamba nilimaliza kazi. Basi, jibu langu ni hilo, na sina lingine zuri zaidi.

Xaveri hakukata waya. Hakuna aliyeukata. Haukuwahi kufungwa.

Maelezo yangu yanakomea hapa. Nimesomewa kwa sauti kuanzia juu mpaka chini, ni maneno yangu mwenyewe, sina la kuongeza na sitaki lipunguzwe hata moja.

Sahihi: Y. Arinaitwe
18 Juni 2024

MAELEZO YA MWANDISHI

Mimi WP Koplo Jenifa nimeyaandika maelezo haya kama yalivyotolewa, bila vitisho wala ahadi. Shahidi alikataa maji na alikataa kupumzika. Baada ya kusaini nilimweleza kwamba kutokana na aliyoyasema hatahojiwa tena kama shahidi, na kwamba atachukuliwa maelezo ya onyo kama mtuhumiwa. Alisema ameelewa.

Mkuu wa upelelezi aliposoma maelezo haya aliagiza mtuhumiwa Xaveri atolewe mahabusu. Alifika kaunta kuchukua mkanda, simu na fuko la nguo za mama yake. Shahidi alikuwa amesimama hapo. Xaveri alimuuliza, "Mama ameshaambiwa?" Shahidi alijibu kwamba bado, na kwamba Noela atamwambia. Xaveri alisema haondoki kituoni mpaka mama yake aambiwe na shahidi kwa mdomo wake. Alipiga namba ya Noela, aliyekuwa wodini, akaomba simu iwekwe sikioni kwa mama, akafungua spika na kuiweka juu ya kaunta.

Ninaandika yaliyosemwa kwa kuwa yanahusu shauri hili. Shahidi alisema, "Shikamoo mama. Ni mimi, Yustasi." Sauti ya mwanamke mtu mzima ilisikika ikisema pembeni, "Noela, muulize anataka nini." Shahidi alisema, "Mama, usimwambie Noela. Nisikilize mwenyewe. Ule waya sikuufunga. Hakuna aliyeukata. Na tangu Mei nilijua tanki lina umeme." Kisha ile sauti ikasema, "Mpe Xaveri."

Xaveri alizima spika akatoka na simu barazani. Walizungumza Kinyambo. Hayo sikuyaandika.

Sahihi: WP Koplo Jenifa